Ugonjwa wa Kurithi wa Kioo cha Jicho: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Familia za Bukoba na Muleba

Ugonjwa wa kurithi wa kioo cha jicho mara nyingi huingia kimya kimya. Mwanafunzi wa sekondari kule Kamachumu anabadilishiwa miwani mara mbili kwa mwaka, na bado ubao hauonekani. Mama wa Rwamishenye aliyevuka miaka 50 anaamka na ukungu machoni, ukungu unaopungua jua likipanda, na watu wa nyumbani wanamwambia huo ni uzee. Mtoto anazaliwa kisiwani Bumbire, vioo vya macho yake vina rangi ya buluu iliyochuja, na familia inakubaliana kusubiri akue kidogo. Wote hao wanaweza kuwa na hitilafu iliyotoka kwa wazazi wao, na wote wanapotezewa muda. Makosa yanayowagharimu macho yanajulikana, tena yanazuilika. Ndiyo sababu orodha hii imeandikwa kwa lugha ya amri.

Kwanza, ujue unachopambana nacho. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea, kina unene wa takriban nusu milimita tu katikati, na hakina mshipa wa damu hata mmoja. Hata hivyo ndicho kinachofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili picha itue sawasawa ndani ya jicho. Kikipoteza umbo au ung'avu, hakuna kitu kingine ndani ya jicho kinachoweza kufidia.

Magonjwa ya konea yenye asili ya urithi ni mengi. Haya ndiyo ya kuyajua kwa majina; yanayoitwa distrofia ni yale ambayo hitilafu ya kurithi huifanya konea yenyewe ipoteze ung'avu:

Keratokonasi: konea hukonda na kuchongoka kama pia. Mara nyingi huanza wakati wa balehe, hukimbia kwa vijana, kisha hupoa mgonjwa anapokaribia miaka 40. Urithi una sehemu yake, na mzio wa macho pamoja na tabia ya kusugua macho huuchochea ugonjwa.

Distrofia za punje na za nyuzi: protini hujikusanya ndani ya konea kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo TGFBI. Mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha. Kila mtoto wake, awe wa kwanza au wa nane, ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

Distrofia ya madoa: inatokana na jeni iitwayo CHST6. Baba na mama wote huwa wamebeba hitilafu bila wao kuugua, na kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kuugua. Ukungu huanza mapema na huweza kumnyima mtu uoni wa maana akiwa bado kijana.

Ugonjwa wa Fuchs: ulielezwa mwaka 1910 na daktari Ernst Fuchs wa Vienna. Seli za tabaka la ndani, ambazo kazi yake ni kusukuma maji yatoke kwenye konea, hufa taratibu na hazioti nyingine. Huwapata wanawake zaidi, na dalili hujitokeza baada ya umri wa miaka 40 au 50.

Distrofia ya kuzaliwa nayo: mtoto huja duniani na konea zote mbili zikiwa zimevimba na kufifia.

Sasa amri zenyewe.

KABLA YA KUFIKA HOSPITALI

1. FANYA: Mpeleke kijana akapimwe mara miwani inapoanza kubadilika ovyo.
Kijana ambaye namba za miwani yake zinapanda kila baada ya miezi michache, anayeona herufi moja kama mbili hata akiwa amefumba jicho moja, anayeona taa za usiku zikitoa michirizi, huyo si wa kupewa miwani nyingine na kurudishwa darasani. Huenda ana keratokonasi. Tiba ya kuizuia ipo, lakini inazuia tu: kilichokwisha kupotea hakirudishi. Kila mwaka unaoacha upite bila kipimo, unalipa kwa uoni wa mtoto wako.

2. USIFANYE: Usitie jichoni kitu ambacho hakikuandikwa na mtaalamu wa macho.
Majani yaliyokamuliwa, maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya sukari, unga wa mizizi: vyote hivyo ni marufuku. Mwaka 1994 watafiti Yorston na Foster walichapisha matokeo yao kuhusu vidonda vya konea hapa Tanzania, na takriban robo ya vidonda hivyo ilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Ugonjwa wa kurithi huchukua miaka kuharibu uoni. Kidonda kilichoingiwa na fangasi kutoka kwenye majani huweza kuharibu jicho hilo hilo kwa siku chache. Mganga anaweza kuwa mtu wa heshima kubwa kijijini, na heshima hiyo haiui vimelea vilivyomo kwenye majani yake.

3. USIFANYE: Usinunue matone ya macho dukani kwa kubahatisha.
Duka la dawa muhimu si kliniki ya macho. Matone yaliyochanganywa na deksamethasoni, au dawa nyingine ya jamii ya steroidi, hutuliza wekundu haraka, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Yakitumika ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na huyapa nguvu maambukizi ya fangasi na ya virusi vya hepesi. Usimwombe mtu akupe matone ya ganzi uende nayo nyumbani, hata kama jicho linauma. Ganzi huficha kidonda na kuzuia kisipone.

4. USIFANYE: Usisugue macho. Usimwache mtoto asugue macho.
Huu ndio mwiko mkubwa kuliko yote kwa mtu mwenye keratokonasi au mwenye ndugu aliye nayo. Mtoto mwenye mzio ambaye kila jioni anazungusha ngumi machoni anaikandamiza na kuidhoofisha konea iliyo dhaifu tayari. Usimpige wala usimfokee; mtibu mzio wenyewe. Mkande kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, macho yakiwa yamefumbwa, kisha mpeleke aandikiwe matone ya mzio yanayofaa kutumika kwa muda mrefu.

5. FANYA: Mtoto mchanga mwenye kioo cha jicho chenye ukungu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
Usingoje kliniki ya chanjo. Ukungu huo unaweza kuwa distrofia ya kuzaliwa nayo, na unaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo, ambayo ni dharura. Macho makubwa kupita kawaida, machozi yasiyokatika na mtoto kukimbia mwanga huelekeza zaidi kwenye presha. Hata hivyo mzazi asijipe kazi ya kutofautisha. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha. Ukikosa picha safi wakati huo, operesheni ya baadaye haitaufundisha tena kikamilifu.

6. USIFANYE: Usitafute mchawi.
Ugonjwa unaompata kaka, kisha dada, kisha mtoto wa dada, unaitwa laana kwa urahisi sana. Kanda ya Ziwa inajua gharama ya fikra hizo: wazee wa kike wameshambuliwa na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu ambayo, mara nyingi, yaliletwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Bibi mwenye macho yenye ukungu ni mgonjwa anayestahili kutibiwa. Zaidi ya hapo, macho yake yanaweza kumwambia daktari kile ambacho macho ya mjukuu bado hayajaonyesha.

MBELE YA DAKTARI

7. FANYA: Hesabu ukoo wa pande zote mbili.
Kila Mhaya anajua ukoo wa baba yake na muziro wake, yaani mwiko wa ukoo huo, tangu utotoni. Ukoo wa mama hutajwa kwa haraka, na katika ugonjwa huu hilo ni kosa, kwa kuwa vinasaba havifuati muziro. Nusu ya ulichorithi imetoka kwa mama yako, upande ule ule wa wajomba na bibi mzaa mama. Kabla ya kwenda hospitali, andika kwenye karatasi majina ya wazazi, babu na bibi wanne, shangazi, wajomba na ndugu. Kando ya kila jina andika: alianza kuona vibaya akiwa na umri gani, jicho moja au yote mawili, alitibiwa nini.

Kwa mkoa wetu wa Kagera kazi hii ina uzito wa pekee. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani humu mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliondoa wazazi wengi wakiwa bado vijana, kabla umri haujafichua magonjwa ya macho waliyokuwa wamebeba. Watoto wengi walilelewa na bibi. Kumbukumbu za familia zilikatika katikati. Kwa hiyo waulizeni wazee waliobaki, na waulizeni mapema.

8. FANYA: Peleka ndugu wote wa damu, hata wale wanaosema wanaona vizuri.
Mgonjwa mmoja akigundulika, wadogo zake, kaka zake, watoto wake na wazazi wake wanapaswa kuangaliwa. Keratokonasi ya mwanzo haina maumivu, na jicho moja zuri hulificha lile baya kwa miaka. Hasa wapelekeni walio na umri wa miaka 10 hadi 25. Hao ndio wenye kitu kikubwa cha kuokoa.

9. FANYA: Dai uchunguzi kamili wa konea.
Kusoma herufi ukutani ni mwanzo tu. Mtaalamu anapaswa kupima uoni bila miwani, na miwani, na kupitia kitundu kidogo. Kitundu kikiboresha uoni kwa kiasi kikubwa, tatizo liko kwenye njia ya kupindia mwanga. Amulike mboni kwa retinoskopi na kutazama kama mwanga unaorudi unakatana kama makali ya mkasi. Aangalie taswira ya duara zinazoakisiwa kwenye konea kama zimepotoka. Aichunguze konea tabaka kwa tabaka kwa darubini ya macho yenye mwanga mwembamba. Apime presha ya jicho. Panapowezekana, achore ramani ya umbo la konea na kupima unene wake. Si kila kituo kina vifaa vyote hivi. Kituo kisicho navyo kina wajibu mmoja: kuandika rufaa bila kuchelewa.

10. USIFANYE: Mhudumu wa afya, usiseme "mtoto wa jicho" kabla ya kuangalia kwa mwanga wa kutosha.
Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni. Ukungu wa konea uko mbele, juu ya mboni. Usiseme pia "kovu" kabla ya kuuliza historia. Kovu la surua, la jeraha au la kidonda cha zamani mara nyingi lina tarehe: mgonjwa anakumbuka siku jicho lilipouma na kuwa jekundu, na mara nyingi jicho moja limeumia kuliko jingine. Ugonjwa wa kurithi kwa kawaida huja polepole, hushika macho yote mawili, hauanzi kwa usaha, na ndani ya ukoo yupo mwingine anayefanana naye. Ukiyaona hayo manne, acha kuandika matone na andika rufaa.

11. USIFANYE: Usisubiri kipimo cha vinasaba ndipo uanze tiba.
Kipimo hicho ni ghali na hakiko karibu. Magonjwa mengi ya konea ya kurithi hutambulika kwa macho ya daktari bingwa, darubini na historia ya ukoo. Kipimo cha jeni husaidia pale picha inapokuwa na utata au wazazi wanapotaka ushauri wa uzazi. Kukosekana kwake si kisingizio cha kukaa nyumbani.

12. USIFANYE: Usikubali operesheni ya leza ya kuondoa miwani.
Operesheni hiyo hupunguza unene wa konea. Kwa mwenye keratokonasi, hata ile iliyojificha, huweza kuibomoa kabisa. Kwa mwenye baadhi ya distrofia za TGFBI, huchochea protini kujaa upya kwa wingi kuliko awali. Ndugu aliye Dar es Salaam au ng'ambo akikushawishi, mwambie daktari wa leza historia ya ukoo wenu kabla mtu hajashika mashine.

KATIKA TIBA

13. FANYA: Konea yenye keratokonasi inayoendelea ikazwe mapema.
Tiba yenyewe ni hii: daktari hutia matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha huimulika konea kwa mionzi ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikamane zaidi. Utaratibu wa asili ulibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Matone huchukua takriban nusu saa, na mwanga nusu saa nyingine. Kwa utaratibu huo konea inatakiwa isipungue unene wa sehemu 4 za kumi za milimita. Anayechelewa anaweza kukuta konea yake imekonda kiasi kwamba mlango huo umefungwa. Jicho litauma kwa siku chache baada ya tiba, kisha litapona. Usijitengenezee tiba hii kwa kumeza vidonge vya vitamini na kukaa juani. Utaumiza macho bure.

14. FANYA: Vaa lenzi ngumu kama umeandikiwa, na uzitunze kwa ukali.
Konea iliyochongoka ikifika mahali miwani haisaidii, lenzi ngumu zinazovaliwa juu ya jicho huipa uso mpya laini, na watu wengi hurudi kusoma na kufanya kazi. Ziandaliwe na mtaalamu kwa vipimo vya jicho lako. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Tumia maji maalumu ya lenzi pekee. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua au ya Ziwa Victoria yasiguse lenzi hata mara moja, maana yana vimelea vinavyoweza kuitoboa konea. Usizilambe kwa mate. Usilale nazo. Usimwazime mtu. Kama nyumbani kwako masharti haya hayawezekani, mwambie daktari ukweli mpange njia nyingine.

15. FANYA: Tibu maumivu ya alfajiri.
Wenye distrofia za nyuzi na za punje huamka na maumivu makali kama jicho limechanwa, machozi yakitiririka. Ngozi ya juu ya konea imebanduka ikifuata kope zilipofunguliwa. Omba malhamu ya kulainisha ya kupaka usiku na machozi bandia ya mchana, na utumie kila siku hata maumivu yakikoma, kwa muda ulioelekezwa. Fumbua macho taratibu unapoamka. Maumivu yakirudi mara kwa mara, kuna lenzi laini ya kufunika kidonda na kuna leza ya kusafisha uso wa konea. Jicho likiuma kwa zaidi ya siku moja au likitoa usaha, hiyo si hali yako ya kawaida; nenda hospitali.

16. FANYA: Mwenye Fuchs, sema kabla ya operesheni ya mtoto wa jicho.
Operesheni hiyo hupunguza seli za tabaka la ndani hata kwa jicho zima. Kwa mwenye Fuchs, seli chache zilizobaki ndizo zinazolinda uoni wake. Daktari akijua mapema atachukua tahadhari, au atapanga kubadilisha tabaka hilo pamoja. Ukungu wa asubuhi hupunguzwa na matone maalumu ya chumvi yaliyotengenezwa kiwandani. Usichemshe chumvi ya jikoni ukadhani ni kitu kile kile.

17. USIFANYE: Usikubali kupandikizwa konea kama huwezi kurudi kliniki.
Upandikizaji wa konea si jambo geni duniani. Eduard Zirm aliufanya kwa mafanikio tarehe 7 Desemba 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Konea hutolewa na mtu aliyefariki, wala haiuzwi na mtu aliye hai. Anayekuambia atakuuzia jicho la mtu ni mhalifu. Siku ya operesheni ni mwanzo wa kazi. Matone hutumika kwa miezi mingi, nyuzi za kushonea hukaa mwaka au zaidi, na mwili unaweza kuikataa konea ngeni hata baada ya miaka. Zijue alama nne za hatari: wekundu, maumivu, kuchukia mwanga, uoni kupungua. Ukiona hata moja, safiri siku hiyo. Na ujue kwamba distrofia za TGFBI huweza kurejea ndani ya konea mpya kadiri miaka inavyopita. Usimlaumu daktari kwa hilo, mwulize kabla.

18. FANYA: Fuata ngazi za rufaa, na piga simu kabla ya kupanda basi.
Muleba kuna hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo. Bukoba mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ngazi ya kanda ni Bugando, Mwanza. Juu zaidi ziko KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, huko Mbarara, kuna kituo cha macho cha Ruharo. Njia ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini bado ni safari inayokula akiba ya nyumba. Kwa hiyo uliza kwanza: bingwa wa konea yupo wiki hiyo? Mashine inafanya kazi? Gharama ni kiasi gani? Bima inalipa sehemu gani? Beba barua ya rufaa, miwani yote ya zamani, chupa za matone uliyotumia na ile karatasi ya ukoo.

NYUMBANI, SHULENI NA KATIKA UKOO

19. USIFANYE: Mwalimu, usimwite mvivu mtoto asiyeona.
Mkalishe mbele. Mwandikie kwa herufi kubwa. Mpe nafasi ya mbali na mwanga wa dirisha unaompiga usoni. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na mwalimu mkuu ndiye anayepaswa kutoa taarifa mapema. Kwa mtoto ambaye uoni umeshuka sana, Bukoba ina Shule ya Msingi Mugeza Mseto, inayopokea watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Kumficha nyumbani ni kumnyima haki yake.

20. USIFANYE: Usiendeshe bodaboda usiku kama taa zinakutolea michirizi.
Umebeba abiria ambaye hajui kwamba huoni. Acha kazi ya usiku hadi upimwe na kupata lenzi au miwani inayofaa. Daktari akikuambia usiendeshe, usiendeshe.

21. USIFANYE: Usikae kwenye taa za senene bila kinga.
Msimu wa kukamata senene ukifika, watu hukesha mbele ya taa kali, mabati yakiakisi mwanga na wadudu wakigonga nyuso. Mwenye konea inayobanduka au aliyepandikizwa asikae hapo. Akilazimika kufika, avae miwani ya kufunga pembeni na asimame mbali na taa. Vumbi la barabarani na moshi wa jikoni vinahitaji tahadhari ile ile.

22. USIFANYE: Usifiche wakati wa posa.
Mficha maradhi, kilio humfichua. Ugonjwa wa konea si sababu ya kuvunja uchumba, wala si aibu ya kufunikwa kwa mahari. Wachumba wanastahili kujua ili watoto wao wapimwe mapema. Mwiko wa kutooana ndani ya ukoo wa baba hupunguza hatari upande mmoja tu. Pale ambapo damu za wachumba zinakutana kupitia kwa akina mama, mwiko huo hauwalindi. Na mama asibebeshwe lawama peke yake: katika distrofia ya madoa wazazi wote wawili wamechangia sawasawa, bila kujua na bila kosa.

23. FANYA: Wazee wa ukoo, lisemeni jambo hili kikaoni.
Mnakutana kwa misiba, kwa harusi na kwa mambo ya kibanja. Tumieni dakika chache kutaja walio na ugonjwa wa macho, na mteue mtu mmoja wa kutunza karatasi ya ukoo. Changeni nauli ya kijana anayehitaji tiba kama mnavyochanga kwa msiba, na mchange angali anaona.

Hakuna atakayekuondolea urithi ulioupata kwa wazazi wako. Kuchelewa, kusugua, majani, matone ya kubahatisha na kimya cha familia ni mambo yaliyo mikononi mwako. Kijana wa Bukoba au Muleba akipoteza uoni kwa keratokonasi ambayo nyumbani kwao ilikwishajulikana kwa mwingine, lawama ni ya watu wazima walioiona wakanyamaza. Msinyamaze. Wapelekeni watoto wakapimwe mwezi huu.